Mji uliofungiwa wageni: Nizhny Novgorod, mito yake miwili na viwanda vyake

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Mwanza. Mdogo wake wa kiume amepata nafasi ya kusoma Chuo Kikuu cha Lobachevsky, Nizhny Novgorod, Urusi, na pale nyumbani kila mtu ana lake. Mjomba wao aliyesoma Leningrad (leo Saint Petersburg) miaka ya sabini anasema mji huo hajawahi kuusikia, mwingine kasoma sehemu kwamba ni mji uliofungwa, mgeni haingii. Kauliza hivi: "Ni mji wa namna gani huo, kwanini ulifungwa, na leo una nini zaidi ya viwanda?"

Dada yangu, niliishi kule miaka sita nikisomea mambo ya bandari na njia za maji za mitoni, kwahiyo swali lako limenigusa mahali penyewe. Nitajibu kirefu maana mji huu ukielezwa nusunusu unaonekana wa ajabu bure.

Kwanza mpe mjomba salamu zangu, shikamoo yake, na umwambie hajakosea. Enzi zake mji huo haukuitwa Nizhny Novgorod, uliitwa Gorky. Ulibadilishwa jina mwaka 1932 kwa heshima ya mwandishi Maxim Gorky aliyezaliwa pale 1868, na jina la zamani likarudi 1990. Halafu mwaka 1959 ukafungwa kwa wageni kabisa, yaani mwanafunzi wa Kiafrika aliyekuwa Leningrad au Moscow au Kiev hata kama alikuwa na rafiki wa Kirusi aliyezaliwa Gorky, kumtembelea kwao ilikuwa haiwezekani. Ndo maana wazee wetu wengi waliosoma Urusi wanaijua Kharkov, wanaijua Tashkent, ila mji huu ambao ulikuwa mmoja kati ya miji mikubwa kabisa ya nchi nzima wanausikia leo.

Sasa cha ajabu, na hapa ndo ninapotaka unifuate vizuri, ni kwamba kabla ya hapo huu ulikuwa mji wa wageni kuliko mji wowote wa ndani ya Urusi. Uliishi kwa wageni. Kilichouletea wageni na kilichokuja kuwafungia nje ni kitu kilekile kimoja, maji.

Angalia ramani. Volga unatoka magharibi, Oka unatoka kusini-magharibi, inakutana pale. Palipokutana panaitwa Strelka, yaani kama mshale, ncha ya ardhi iliyochongoka kuingia majini. Siku yangu ya kwanza kusimama kwenye ile ncha ilikuwa mwezi wa tano, barafu imeshaondoka, na mwalimu wetu akatuambia msiongee, angalieni maji kwanza. Nikaangalia. Maji ya Oka yana rangi ya udongo, kama chai ya maziwa iliyozidi maziwa, na ya Volga ni meusimeusi, na yanaenda ubavu kwa ubavu kama watu wasiosalimiana, mstari kati yao unauona kwa macho, mpaka mbele kabisa ndo yanachanganyika. Volga unakupeleka Kazan, Samara, Volgograd mpaka bahari ya Caspian, huko ni Uajemi. Oka unakupeleka kwenye nchi ya Moscow. Anayekaa pale anaona kila kinachopita.

Mtawala Yuri Vsevolodovich ndo aliyeweka ngome pale mwaka 1221. Na jina lenyewe linachanganya watu, "Nizhny" maana yake ya chini, wakati mji wa kale uko juu ya kilima kirefu ng'ambo ya kulia ya Oka, unapanda ngazi mpaka miguu inatetemeka. Ni wa chini kwa maana ya chini kwenye ramani ya mito, kuutofautisha na Novgorod ile nyingine ya kaskazini. Ngome ya matofali unayoiona leo, Kremlin yao, ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 16, ina minara 13 na ukuta wa kilomita mbili hivi unaopanda na kushuka na kilima. Watu wa pale wanajivunia sana pia habari za 1611 na 1612, wakati Moscow imeshikwa na majeshi ya Poland na nchi haina mfalme, mfanyabiashara mmoja wa nyama wa Nizhny, Kuzma Minin, akasimama sokoni kuchangisha watu fedha za jeshi, akamweka Dmitry Pozharsky kuwa kamanda, wakaenda wakaikomboa Moscow. Ile sanamu ya watu wawili pale Red Square ndo hao. Mdogo wako akikuta tarehe 4 Novemba ni sikukuu, inatokana na hilo.

Tuje kwenye gulio, maana hapa ndo utamu. Kulikuwa na gulio kubwa la mwaka kwenye monasteri ya Makaryev, chini zaidi kwenye Volga. Mwaka 1816 likaungua moto, na serikali badala ya kulijenga palepale ikalihamishia Nizhny, likafunguliwa 1817. Mjenzi wake alikuwa Mhispania, Agustín de Betancourt, injinia hodari kweli. Shida aliyokutana nayo ni kwamba ng'ambo ya chini ya Oka inafurika kila theluji inapoyeyuka, kwahiyo akanyanyua uwanja mzima kwa udongo, akazungusha mfereji, na chini ya ardhi akatengeneza mabomba ya mawe ya kutoa uchafu wakati miji mingi ya Urusi ilikuwa haijawahi kuota kitu kama hicho. Nilipokuwa nasoma tulifundishwa kazi ile kama mfano mpaka leo.

Basi kila majira ya joto, kati ya Julai na Septemba, mji unafurika watu. Chai ya China inakuja kupitia Kyakhta mpakani mwa Mongolia, inasafiri miezi na miezi, na ikifika Nizhny ndo inapangiwa bei ya nchi nzima. Chuma kinatoka Ural, ngozi za manyoya Siberia, pamba na matunda makavu yanaletwa na Waajemi na watu wa Bukhara, samaki wa chumvi wanapanda kutoka Astrakhan. Kwenye gulio palikuwa na makanisa, na msikiti pia, maana Watatari na Waajemi walikuwa wengi. Warusi wakawa wanasema Petersburg ni kichwa, Moscow ni moyo, Nizhny ni mfuko. Mfuko wa fedha. Ukiwaza Ujiji ya enzi za misafara au Unguja ya enzi za karafuu utakuwa umeshapata picha, sehemu ambayo lugha kumi zinasikika kabla hujanywa chai ya asubuhi.

Na mzigo ule wote ulifikaje? Hapa watu huwa wanasahau. Kabla ya meli za moshi, matishari yalivutwa na watu. Wanaitwa burlaki. Watu kumi, ishirini, wamevaa mikanda mipana ya ngozi kifuani, wanatembea pembeni ya mto wakivuta tishari dhidi ya mkondo, wiki baada ya wiki, kwa nyimbo za kupeana mwendo, sawasawa na mahamali wa kwetu walivyoimba wakiinua mzigo bandarini. Wengi walikuwa wakulima maskini wanaotafuta fedha ya kodi. Meli za moshi zilipoongezeka kuanzia katikati ya karne ya 19 kazi ile ikafa polepole, na hao hao watu, au watoto wao, wakaingia viwandani.

Kiwanda chenyewe cha kwanza kikubwa ni Sormovo, kilianza 1849, kilianza na matishari na meli za mtoni, baadaye vichwa vya treni. Kwahiyo ona mfuatano wake, mto ukaleta gulio, gulio likataka meli, meli zikataka kiwanda, kiwanda kikaleta wafanyakazi kwa maelfu, na mwaka 1902 wafanyakazi wa Sormovo waliandamana mei mosi na bendera nyekundu, wakakamatwa, na Gorky akaitumia habari yao kwenye maandishi yake.

Mwaka 1896 yakafanyika pale maonesho ya taifa zima, ya viwanda na sanaa, waza Sabasaba lakini ya dola nzima ya Tsar. Alexander Popov alionesha kifaa chake cha kunasa mawimbi ya radi, moja ya hatua za mwanzo kabisa za redio. Gari la kwanza la Kirusi la petroli, la Yakovlev na Frese, lilitembezwa hadharani pale. Vladimir Shukhov akasimamisha mnara wa chuma wa mtindo ambao dunia haikuwa imeuona, wa vyuma vilivyonyooka vinavyopishana kama ususi wa kikapu mpaka vinatengeneza kiuno, mwepesi halafu imara. Na tramu ya umeme ikaanza mwaka uleule, ya kwanza ndani ya mipaka ya Urusi ya leo ukiacha Kaliningrad ambayo wakati huo ilikuwa ya Wajerumani. Akipenda mambo ya ujenzi mwambie aende Dzerzhinsk, mji wa jirani, kuna mnara mmoja wa Shukhov wa mita 128 umebaki umesimama kando ya Oka, ulijengwa 1929 kubeba nyaya za umeme kuvuka mto. Mimi nilienda mara tatu.

Gulio lilikufa mwaka ule ule wa 1929, Stalin hakutaka tena wafanyabiashara binafsi. Na mwaka huohuo, tarehe 31 Mei, Wasovieti wakasaini mkataba na kampuni ya Ford ya Marekani. Walikubali kununua magari 72,000 kwa miaka minne, nayo Ford ikawapa michoro na ujuzi wa kujenga kiwanda. Kiwanda kikajengwa kando ya Oka, upande wa chini, kwenye mashamba na vinamasi, kwa mwaka mmoja na nusu hivi, kampuni ya Austin ya Cleveland ikachora kiwanda na mji wa wafanyakazi, na Wamarekani kadhaa wakaja kuishi pale na kufundisha, wakiwemo ndugu wawili Walter na Victor Reuther, huyo Walter baadaye akawa kiongozi mkubwa wa chama cha wafanyakazi wa magari Marekani. Januari 1932 malori ya kwanza yakatoka. Ndo GAZ hiyo, herufi zake maana yake ni Kiwanda cha Magari cha Gorky.

Lori lao la kwanza linaitwa polutorka, yaani la tani moja na nusu. Muulize mjomba kuhusu Barabara ya Uhai. Leningrad ilipozingirwa na Wajerumani chakula kilipitishwa wakati wa baridi juu ya barafu ya ziwa Ladoga, na malori yaliyobeba unga ule kwa sehemu kubwa yalikuwa hizi polutorka, madereva wengine wanaendesha mlango ukiwa wazi ili barafu ikipasuka waruke. Aliyesoma Leningrad lazima alisimuliwa, ila pengine hakuambiwa lori limetoka wapi.

Vita ndo iliyoubadilisha mji moja kwa moja. GAZ ikatengeneza vifaru vyepesi, Sormovo ikatengeneza vifaru vya T-34, kiwanda kingine mizinga, kingine ndege za kivita, kingine redio. Wajerumani wakajua. Novemba 1941 wakapiga mabomu, na Juni 1943 wakarudi wakapiga usiku baada ya usiku, mashambulizi 25 mwezi ule, GAZ ikateketea sehemu kubwa. Wafanyakazi, wengi wanawake na vijana wadogo maana wanaume wako vitani, wakajenga upya kwa siku mia moja hivi. Nilipanga chumba kwa bibi mmoja wilaya ya Avtozavod ambaye mama yake alikuwa kwenye kazi ile, alikuwa na picha yake ukutani, kavaa koti la pamba la kiwandani na kitambaa kichwani, miaka 17. Bibi alikuwa anaifuta vumbi kila Jumamosi kabla ya kufuta kitu kingine chochote.

Baada ya vita viwanda havikurudi kwenye sufuria na baiskeli. Na hapa ndo jibu la swali lako. Kiwanda cha ndege kikawa kinatengeneza ndege za kivita za MiG. GAZ pamoja na Volga, ile gari ya wakubwa yenye nembo ya paa anayeruka (paa yule anatoka kwenye nembo ya mji), ilikuwa inatoa magari ya deraya. Viwanda vya rada vipo. Na Sormovo ikajenga nyambizi, mpaka za nyuklia. Najua utashangaa, nyambizi katikati ya nchi kavu? Ndiyo. Zilijengwa pale, zikashushwa mtoni, zikavutwa zikiwa zimefunikwa kupitia mito na mifereji iliyochimbwa hadi kwenye bahari za kaskazini. Bila Volga na milango yake ya maji kitu hicho kisingewezekana, na ndo sababu nimekwambia maji yaliyoleta wageni ndo yaliyokuja kuwafungia nje. Ukiruhusu watalii wapige picha mtoni watapiga picha ya nini? Kwahiyo 1959 ukafungwa.

Kufungwa siyo kwamba kulikuwa na geti na mji umezungushiwa ukuta. Raia wa kawaida wa Kisovieti alikuwa anaingia na kutoka. Aliyezuiwa ni mgeni wa nje. Na gharama ya siri ile wenyeji ndo waliilipa. Tarehe 18 Januari 1970 mtambo wa nyuklia wa nyambizi iliyokuwa inajengwa Sormovo uliwaka wenyewe wakati wa majaribio, watu wakapigwa na mionzi, wengine wakafa, na waliokuwepo wakasainishwa hati ya kukaa kimya. Wakakaa kimya miaka na miaka, wakiugua bila kuweza kumwambia hata daktari kilichowapata. Hilo linaniuma mpaka leo na nadhani mtu akiusifia mji huu kwa viwanda vyake bila kulitaja anawakosea.

Halafu serikali ikagundua matumizi mengine ya mji uliofungwa, ya kumficha mtu. Andrei Sakharov, mwanafizikia, mmoja wa baba wa bomu la haidrojeni la Kisovieti, aligeuka akawa mtetezi wa haki za binadamu, akapewa Nobel ya amani 1975, na alipopinga jeshi kuingia Afghanistan wakamkamata barabarani Moscow tarehe 22 Januari 1980 wakampakia kwenye ndege mpaka Gorky. Huko hakuna mwandishi wa kigeni anayeweza kumfikia. Wakampa fleti ya chini kabisa, polisi mlangoni usiku na mchana, simu hakuna. Akagoma kula zaidi ya mara moja, wakamlisha kwa nguvu. Alikaa karibu miaka saba. Desemba 1986 mafundi wakaja ghafla usiku wakafunga simu, kesho yake ikalia, ni Gorbachev, anamwambia rudi Moscow. Na fikiria hili, bomu lenyewe alilitengenezea Sarov, mji mwingine wa siri ulioko kusini mwa jimbo lilelile. Sarov mpaka leo umefungwa, mdogo wako asije akajaribu kwenda kutalii huko, anaweza kuingia matatani kweli.

Lakini Gorky iliyofungwa haikuwa ya mateso matupu. Kulikuwa na akili nyingi zimejaa pale na wakati mwingine zilitoa vitu vya raha. Rostislav Alekseyev wa Sormovo alitengeneza Raketa, boti inayonyanyuka juu ya mabawa madogo ya chini ya maji, mwaka 1957 ikaenda kutoka Gorky hadi Kazan, kilomita 420, kwa saa saba, safari ambayo meli ya kawaida ilichukua zaidi ya siku. Wewe wa Mwanza unayejua adha ya kusubiri meli ya ziwani utanielewa. Boti za ukoo ule zimerudi tangu 2019, zinaitwa Valdai, majira ya joto zinapeleka watu Gorodets na miji mingine ya jirani, apande hata mara moja.

Mji ulifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya tisini na ukafunguliwa vibaya, kwa maana kwamba oda za jeshi zilikatika ghafla, viwanda vikabaki na watu wasio na mshahara. Boris Nemtsov akawa gavana, kijana wa miaka 32, mwanafizikia, akaanza kuuza maduka na malori ya serikali kwa mnada wa hadharani, ukawa mji wa kwanza wa mageuzi hayo, hadi Margaret Thatcher akaja kuangalia 1993. Kilichoiokoa GAZ kwa wakati ule lakini ni gari dogo, GAZelle, pikapu ya tani moja na nusu iliyoanza 1994, halafu basi lake dogo. Ndo likawa daladala ya Urusi nzima, wanaita marshrutka, unapitisha nauli mkono kwa mkono mpaka kwa dereva na chenji inarudi vilevile. Nilipanda mara ya kwanza nikajisikia niko nyumbani kabisa.

Leo mji una watu kama milioni 1.2, mwaka 1989 walikuwa milioni 1.4, kwahiyo umepungua. GAZ ipo, bado inatoa GAZelle, ila ile kazi ya kuunganisha magari ya Volkswagen na Škoda iliisha baada ya 2022. Intel ilikuwa na kituo kikubwa cha wahandisi wa programu pale, nacho kikasimama 2022. Kilichobaki na nguvu ni sayansi, taasisi ya fizikia ya pale inatengeneza mitambo ya mawimbi ya kupashia joto plasma, yaani gesi yenye joto kali mno, kwa mradi wa kimataifa wa ITER wa nishati ya kuunganisha viini vya atomu kule Ufaransa, hilo ni jambo kubwa na kama mdogo wako anasomea fizikia ameangukia pazuri.

Maisha ya kawaida yakoje? Mji umegawanyika na Oka. Juu, kwenye vilima, ndo Kremlin, vyuo, nyumba za zamani za mbao zenye madirisha ya kuchongwa, mtaa wa Bolshaya Pokrovskaya wa kutembea kwa miguu. Chini ng'ambo ndo stesheni ya treni, viwanda, Avtozavod na Sormovo, mitaa mirefu iliyonyooka. Metro ilianza 1985 lakini ilikaa upande wa viwanda tu mpaka 2012 ndo ikavuka Oka kupanda juu, yaani miaka 27 ilikuwa inawahudumia wafanyakazi wa kiwandani kuliko mtu mwingine yeyote, mimi naona hapo walipanga sawa. Pale Strelka sasa kuna uwanja wa watu 45,000 wa Kombe la Dunia 2018, Uingereza iliwafunga Panama 6-1 pale, na Argentina ya Messi ikala tatu bila kwa Croatia. Walipokuwa wanabomoa maghala ya bandari pembeni yake wakakuta ndani mifupa ya chuma ya mabanda ya maonesho ya karne ya 19, imesimama tu imesahaulika, badala ya kuitupa wakaigeuza ukumbi wa muziki mwaka 2021, mji ulipotimiza miaka 800.

Kuna kebo pia ya kuvuka Volga kwenda mji wa Bor, tangu 2012, vibanda vinaning'inia kwenye waya kilomita 3.6. Watu wanaitumia kwenda kazini, siyo utalii. Panda mwezi wa pili. Mto wote ni mweupe, na chini yako kuna vidoti vyeusi vimetawanyika, kila kidoti ni mzee amekaa kwenye sanduku lake, ametoboa barafu kwa keekee ndefu ya mkono, anavua. Masaa manne, matano yanapita hajanyanyuka. Januari wastani ni nyuzi kumi chini ya sifuri na kuna wiki inashuka ishirini na zaidi. Asinunue jaketi Dar, akanunue kule kule, na viatu achukue namba moja zaidi ili soksi mbili zienee.

Na jambo moja la taaluma yangu naliweka hapa maana halisemwi. Mto wenyewe unaumwa. Juu ya mji kuna bwawa la umeme lililoanza kazi 1955, linazuia mchanga, kwahiyo chini yake mto unakula kitanda chake mwenyewe na kina kinashuka, na bwawa la Cheboksary lililoko mbele lilitakiwa lijazwe hadi mita 68 lakini likaachwa 63, hivyo maji hayarudi nyuma kuinua kina pale Gorodets. Meli kubwa zinapanga foleni kusubiri bwawa litoe maji saa chache kwa siku ndo zipite. Mji uliozaliwa na mto, na meli zinasubiri maji!

Sasa usalama, siwezi kukuficha. Nchi iko vitani. Machi 2024 ndege zisizo na rubani zilipiga kiwanda cha kusafisha mafuta cha Kstovo, nje kidogo tu ya mji, na uwanja wa ndege unafungwafungwa. Kadi za benki zetu za Visa na Mastercard hazifanyi kazi Urusi tangu 2022, kwahiyo mpange mapema fedha itamfikiaje. Na kubwa kuliko yote, akae mbali na mtu yeyote atakayemletea mkataba wa kazi yenye hela nyingi au njia ya mkato ya kupata uraia kwa kusaini karatasi za jeshi. Kuna kijana wetu Mtanzania alikwenda kusoma Moscow, akafungwa, akaahidiwa msamaha akijiunga na Wagner, jeshi la mamluki la Kirusi, akauawa Ukraine Oktoba 2022, serikali ikathibitisha Januari iliyofuata. Asisaini karatasi ya Kirusi ambayo hajaielewa neno kwa neno, hata kama aliyeileta ni rafiki. Mwaka wa kwanza ni wa lugha, aukaze huo kuliko kitu kingine.

Chuo chake kiko barabara ya Gagarin, namba 23. Ile fleti ya Sakharov, ambayo sasa ni makumbusho, iko barabara hiyohiyo, namba 214, mwishoni kabisa kwenye maghorofa ya Shcherbinki. Nikiwa kule nilikuwa naona mabasi ya njia ile yamejaa wanafunzi wa Kihindi, Waarabu, vijana wa kwetu, wanapita mbele ya dirisha lile la chini ambapo zamani polisi alikaa kuhakikisha mgeni hafiki. Jumapili yake ya kwanza akiwa hana cha kufanya apande basi aende mpaka huko, aingie, aombe wamuoneshe simu.